Arobaini na Sita, Siku ya Uzima

Takuhi alikuwa fundi wa kushona ngozi za viatu huko Burj Hamud, kitongoji cha Waarmenia pembeni mwa Beiruti, na kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kukosa kazi zaidi ya siku tatu mfululizo. Kila alipokosa, alikosa tatu kamili, si mbili wala nne. Siku ya nne alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake, nywele zimechanwa, midomo imepakwa rangi, anatia uzi kwenye sindano kama mtu aliyetoka harusini.

"Bibi Siku Tatu karudi!" wenzake walimpokea.

"Nyie mlinikosa au mlikosa wa kumsema?" aliwajibu, na kicheko kikaishia hapo. Walipomuuliza alikuwa na nini, alisema ni tumbo la mwezi. Umri wa mwezi ulipompita akasema ni samaki. Karakana nzima ilijua Takuhi hapatani na samaki. Hakuna aliyejiuliza kwa nini basi anaendelea kumla.

Hakuolewa. Aliishi ghorofa ya tatu katika mtaa wa Marash, nyumba ileile aliyozaliwa, na humo alimlea Maral, binti wa dada yake Zabel. Zabel alifariki mwaka wa themanini na tano, Maral hajatimiza miaka miwili. Baba wa mtoto alikwenda Amerika kutafuta maisha, akayapata, akakaa nayo hukohuko. Kwa hiyo Maral hakumjua mama mwingine. Hata hivyo Takuhi alimkataza kumwita mama. "Mama yako ni yule," alikuwa akisema, akionyesha picha iliyokuwa juu ya kabati la vyombo. "Mimi ni mama mdogo." Watu waliusifu moyo wake. Wangejua kilichokuwa kikimsukuma, labda wangenyamaza.

Majira ya baridi ya mwaka 2009, Maral, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya tiketi za ndege, alimtazama mama yake mdogo mezani akasema, "Umekonda. Umekuwa wa rangi ya mshumaa."

"Ni taa hiyo."

"Si taa. Kesho tunakwenda kwa Nazaret akutoe damu, na usiniletee habari za samaki."

Nazaret alikuwa mwenye maabara ndogo chini ya mtaa, kati ya sonara na muuza viungo. Alikuwa mdogo kwa Takuhi kwa miaka kumi, amekulia ngazi za jengo la jirani, na kwake kila mteja alikuwa dada au kaka. Siku ya majibu alitandaza karatasi juu ya kaunta, akaishusha kalamu mstari kwa mstari.

"Sukari safi. Mafuta, mh, punguza nyama ya basturma. Damu imepungua kidogo. Lakini hii hapa, Dada Takuhi." Kalamu ikasimama. "CRP. Arobaini na nne."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni protini. Ini huitengeneza kwa wingi mwili ukiwa unapigana na kitu. Mtu mzima asiye na shida huwa chini ya tano."

"Kwa hiyo nina ugonjwa gani?"

"Hapo ndipo penye kazi. Hii haitaji jina. Ni kama jirani anayepiga kelele, 'Moto! Moto!' bila kusema unaungua kwa nani. Umepata mafua? Kikohozi? Jino bovu?"

"Jino," alisema Takuhi haraka, maana kweli gego moja lilikuwa likimsumbua.

"Basi lingoe, urudi baada ya wiki mbili. Kama ni jino, utaona imeporomoka. Hii ikikosa sababu huwa haikawii, siku chache tu inashuka."

Takuhi alitoka pale mwepesi. Aling'oa jino, akatafuna upande mmoja, akapona. Wiki mbili zilipotimia alimpa tena Nazaret mkono. Alikuwa mzima kabisa siku hiyo. Asubuhi alikuwa amepanda ngazi na gunia la ngano ya balguri begani, akicheka na mke wa muuza viungo.

Arobaini na sita.

Nazaret hakutania. Aliikunja karatasi mara mbili, akamwandikia jina la daktari. "Jino halikuwa na hatia," alisema. "Dada, mwone huyu. Usicheleweshe."

Daktari aliitwa Hayfa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Aliziweka karatasi mbili sambamba, akazisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo. Alimpima vifundo, akambonyeza tumbo, akauliza habari za kikohozi na jasho. Kisha akavua miwani.

"Mama, wewe ni Mwarmenia, na swali hili namuuliza kila Mwarmenia, usinichukie. Umewahi kupata maumivu makali ya tumbo au kifua, pamoja na homa, yanayokushika siku mbili tatu halafu yanaondoka yenyewe kama hayakuwahi kuwapo?"

"Hapana," alisema Takuhi.

"Hata utotoni?"

"Hapana."

"Kuna mtu wa damu yako aliyekuwa akiumwa hivyo? Au aliyekufa kwa figo?"

Takuhi alitazama dirisha. Nje mtu alikuwa akianika mashuka kwenye roshani, akiyakung'uta kwa nguvu. "Hakuna," alisema.

Daktari aliandika. Takuhi alisikia kalamu ikitembea, akajua kwamba yale aliyoyasema yamekuwa kweli ya karatasi. Alipewa vipimo vingine, akaanza kuteremka. Alikaa chini katikati ya ngazi na mkoba mapajani. Ilikuwa mara ya tatu maishani mwake kuulizwa swali lile. Mara ya tatu alikuwa amekana.

Mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na minne. Zabel alikuwa na kumi na saba, na kila mwezi au kila miezi miwili alianguka kwa maumivu ya tumbo, akiungua homa, hawezi kuguswa hata na shuka. Siku ya tatu jioni yalikuwa yamekwisha. Aliamka, akaosha nywele kwenye beseni, akazichana, akagonga kitana ukingoni mwa beseni kukung'uta maji, mara tatu, kisha akauliza kuna nini cha kula. Kugonga kule kulimtia mama yao wazimu. "Mnaona? Mgonjwa gani huyu anayeamka na hamu ya lahmajun?"

Hatimaye walimpeleka hospitali, daktari akasema ni kidole tumbo, akampasua. Kidole tumbo kilikutwa kizima, safi. Daktari akamwambia mama yao pembeni kwamba hizo ni neva za wasichana, mwozeni mapema. Mwezi uliofuata Zabel alianguka tena, kovu halijakauka vizuri, na mama yao akasimama juu ya kitanda, mikono kiunoni.

"Safari hii nikuonyeshe nini, Zabel? Nikupasue kichwa?"

"Sisemi uongo!" Zabel alilia. "Muulize Takuhi! Naye anaumwa hivihivi! Wiki ya Pasaka alijifungia chooni, nilimwona, alikuwa anauma taulo!"

Ilikuwa kweli. Takuhi alikuwa ameuma taulo ile mpaka fizi zikatoa damu.

Mama yao akageuka. "Takuhi. Kweli?"

Takuhi aliliangalia tumbo la dada yake, mahali bendeji ilipokuwa imejitokeza chini ya gauni la kulalia. Aliogopa kisu. Hakuwaza lingine, si wivu, si ubaya, ni kisu tu.

"Mimi?" alisema. "Mimi sijawahi kuumwa."

Zabel hakubisha. Alimtazama kidogo, akageukia ukutani. Tangu siku ile hakumtaja tena mbele ya mtu yeyote, na hakuna aliyemwamini Zabel tena katika nyumba ile. Aliolewa akiwa na jina la mwongo. Alimzaa Maral akiwa na jina hilo. Miguu yake ilipoanza kuvimba, mama mkwe alisema ni uvivu wa kukaa.

Mara ya pili ilikuwa hospitalini, vita vikiwa vimeikata Beiruti vipande viwili na mashine ya figo iko upande usiofikika. Zabel alikuwa amevimba uso mpaka macho yakawa mistari. Takuhi alikuwa akimpangusa shingo. Zabel akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Takuhi, wewe bado hujaumwa?"

Chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Hapakuwa na kisu. Angeweza kusema.

"Bado," alisema Takuhi.

"Afadhali," alisema Zabel. Alikufa baada ya siku nne. Takuhi hakujua mpaka leo neno lile lilikuwa dua au lilikuwa kofi.

Aliinuka pale kwenye ngazi za daktari kwa kujishikilia ukuta, akarudi nyumbani kwa miguu. Mchana ulikuwa mweupe, redio za jirani zikiimba. Alifungua mlango, akavua koti, akasikia jikoni kitana kikigongwa ukingoni mwa beseni. Mara tatu.

"Maral?"

Maral alikuwa kazini. Takuhi alikwenda jikoni. Beseni la zamani walilitupa tangu vita viishe, na sinki lilikuwa kavu. Alisimama pale mkono uko juu ya bomba, na hofu aliyoisikia haikuwa ya mzimu. Aliogopa kwamba amesikia vizuri. Huenda sauti ile ilikuwa ikigonga miaka yote hiyo, na leo tu ndipo kelele nyingine zilipopungua.

Siku tano sauti hiyo ilimfuata. Aliisikia karakanani chini ya mlio wa cherehani, akashona kisigino mahali pa ulimi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Aliisikia kanisani. Usingizi wake ukawa wa kuokoteza. Siku ya sita, asubuhi, hakwenda kazini. Alikwenda kwa Daktari Hayfa bila miadi, akakaa mpaka alipoitwa, na kabla hajakaa kwenye kiti akasema:

"Nilikudanganya."

Daktari hakushangaa. Alifunga mlango.

Takuhi alisema yote kwa mkupuo, taulo, samaki, siku tatu tatu, gunia la juzi, Zabel, figo. Alisema kama mtu anayetapika. Alipomaliza alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mara ya mwisho kuumwa ni lini?" aliuliza daktari.

"Miaka miwili na zaidi. Yamenipungukia. Nilidhani yameniacha."

"Maumivu ndiyo yaliyokuacha." Daktari alizigeuza zile karatasi mbili zimtazame Takuhi. "Nisikilize, mama. Ugonjwa huu unaitwa homa ya Mediterania, ni wa kurithi. Siku ya maumivu, hii CRP hupanda hata mia, mia mbili. Hiyo hainitishi, najua inatoka wapi, na maumivu yakiisha nayo hushuka. Kinachonitisha ni hii arobaini na sita ya siku uliyobeba gunia na kucheka. Maana yake moto haujazimika, umeacha tu kuuma. Ukikaa hivyo miaka, mwili unaachia takataka fulani ya protini, na takataka hiyo inakwenda kujijaza kwenye figo."

"Kama Zabel."

"Yawezekana. Siwezi kumpima asiyekuwapo."

"Na dawa?"

"Ipo. Vidonge vidogo vinavyotokana na ua. Kolchisini. Utameza kila siku, uumwe usiumwe, mpaka mwisho. Tumbo litalegea mwanzoni, utazoea. Tutapima damu ya kijenetiki kuhakikisha, na mkojo kuona kama figo zimeanza kuvuja."

Takuhi alikuwa na swali moja, na alijua asipoliuliza pale litamla hai. "Dawa hiyo imejulikana lini?"

Daktari alisita. Alielewa anaulizwa nini. "Tangu miaka ya sabini," alisema. "Mwanzoni mwanzoni. Lakini si kila daktari alijua, mama, na vita..."

"Asante," alisema Takuhi.

Wakati huo Zabel alikuwa na miaka ishirini, au ishirini na mmoja. Angebaki na kovu lile moja tu.

Mkojo ulionyesha figo zimeanza kuvuja, kidogo. Kipimo cha kijenetiki kilirudi na jibu lile daktari alilolitarajia. "Umewahi," alisema Daktari Hayfa, "japo si sana. Na sasa lazima umwambie yule binti. Huu hautoki kwa mama ukamruka mtoto kwa heshima."

Alimwambia Jumapili, wakifinyanga manti mezani, unga mpaka vifundoni. Alianza na ugonjwa, akamaliza na taulo. Hakujipunguzia kitu. Hata lile "bado" la hospitalini alilisema.

Maral aliendelea kufinya mitumbwi midogo ya unga, mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akaacha.

"Kwa hiyo walimwita mwongo maisha yake yote, na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ungefunua mdomo wako..."

"Labda. Dawa ilikuwapo."

"Usiniambie labda!" Maral alisimama, kiti kikaanguka. "Miaka ishirini na nne unanionyesha picha! 'Mama yako ni yule, mama yako ni yule!' Ulikuwa unanionyesha nini, Mama mdogo? Au ulikuwa unamwonyesha yeye kwamba mimi nimekua?"

Maral aliosha mikono, akachukua koti, akaondoka bila mkoba. Aliurudia siku ya pili, wakati Takuhi yuko kazini. Akahamia kwa rafiki yake, upande wa Ashrafiya.

Kwaresima ikapita. Pasaka ikapita, mayai mekundu yakabaki kwenye bakuli mpaka yakavunda. Takuhi alimeza vidonge vyake, akashinda chooni wiki ya kwanza na ya pili, kisha tumbo likatulia. Mwezi wa Mei Nazaret alimpungia karatasi tangu mlangoni. "Tisa, dada! Tisa!" Mwezi wa Julai ikawa nne. Alipaswa kufurahi. Aliichukua karatasi, akakaa nayo kitandani, na alichokiwaza ni kwamba namba hii imekuja kwa mtu asiyestahili.

Sauti ya kitana haikukoma kwa dawa. Ilipungua, ikarudi, ikawa na siku zake.

Agosti, Maral alibisha hodi, yeye aliyekuwa na ufunguo. Alikaa ukingoni mwa kochi, akatoa karatasi ya maabara, akaiweka mezani.

"Nimepima. Moja. Nieleze maana yake."

"Nazaret hakukueleza?"

"Nakuuliza wewe."

Takuhi alivaa miwani. "Moja ni safi. Maana yake siku uliyotoa damu hapakuwa na kitu kinachowaka. Ni hilo tu. Haisemi kama huna ugonjwa. Ungekuwa nao, na umetulia, ingeweza kuwa moja vilevile." Akasita. "Ungepima siku unayoumwa ndipo..."

"Nimewahi kuumwa," alisema Maral.

Takuhi akavua miwani.

"Kifua, upande huu. Nikivuta pumzi ni kama kisu. Tangu nina miaka kumi na tisa. Mara mbili, mara tatu kwa mwaka. Nilikuwa nakwambia nakwenda milimani na wenzangu wa kazini."

"Milimani," alisema Takuhi. Alikumbuka safari zile. Alikuwa akimfungia maandazi ya mlozi. "Kwa nini hukusema, roho yangu?"

"Ningesemaje? Nyumba hii nani aliwahi kusema anaumwa?"

Hapo Takuhi alilia, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Maral hakumkumbatia. Alikaa tu palepale mpaka kilio kikaisha. Kisha akasema atampigia simu.

Alipiga Oktoba, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeazima pumzi. "Imeanza." Takuhi aliiacha cherehani na kiatu chini ya sindano, akamwambia msimamizi mbele ya karakana nzima, "Mwanangu anaumwa. Ni ugonjwa wa kwetu, hata mimi ninao. Si samaki." Akaacha midomo wazi nyuma yake.

Alimfikisha Maral kwa Nazaret kwa teksi, akiwa amejikunja. Jibu lilitoka mchana. Mia thelathini na mbili. Nazaret aliisoma, akamtazama Maral aliyekuwa amelala juu ya benchi, akamtazama Takuhi, akasema kwa upole, "Hii ndiyo yenyewe." Daktari Hayfa alimwanzishia vidonge wiki ileile. Mkojo wake ulikuwa safi.

Maral hakurudi kuishi mtaa wa Marash. Kila baada ya miezi mitatu walikutana kwa Nazaret, wakampa mkono wa kutolewa damu kila mmoja kwa zamu, kisha wakanywa kahawa juu, nyumbani kwa Takuhi. Walizungumza bei za tiketi na majirani. Zabel hakutajwa. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Kisha siku moja, vikombe vikiwa vimepinduliwa juu ya visahani, Maral akauliza ghafla, "Akishikwa, alikuwa analalaje?"

Takuhi alifikiri amesikia vibaya. "Nani?"

"Mama."

Ingekuwa rahisi kueleza. Takuhi aliinuka, akasogeza meza, akalala chini juu ya zulia pamoja na miaka yake yote na mgongo wake mbovu. Alilalia ubavu wa kushoto. Akavuta goti moja tu juu, la pili akalinyoosha, mkono mmoja akauingiza chini ya mbavu na wa pili akaufunika usoni, kiganja kikiwa nje, kama mtu anayekinga jua.

Maral aliinama juu yake.

"Na mimi hulala hivyohivyo," alisema.

Akakusanya vikombe, akavipeleka jikoni, na Takuhi, akiwa bado chini pale kwenye zulia, akasikia maji yakifunguliwa.